Ukurasa wa Tisini na Moja

Jangwani hapapitiki tangu alfajiri.
Msimbazi umepanda barabarani, bosi katuma ujumbe:
asiyeweza kufika, asifike.
Nimeilaza simu kifudifudi,
nimekinga ndoo tatu kwenye michirizi,
nimekitoa kabatini, chini ya mashuka ya wageni,
kile kitabu.

Hakina jina. Jalada lilikwisha kabla yangu;
nilikikuta kimevaa karatasi ya mfuko wa saruji,
na juu yake, kwa kalamu ya risasi, mwandiko wa dada Mwasiti:
USIKUNJE KURASA. NITAJUA.

Najua kichuguu kitafunguka ukurasa wa saba,
na Shumbana, mchunga mawingu, ataingia na fimbo yake,
nami nitamwambia, kama nilivyomwambia nina miaka tisa:
chukua na kandambili, huko chini kuna miba.
Hachukui. Hajawahi kuchukua.
Najua mbuzi wa mlangoni husema uongo mtupu
na bado kila nikimfikia namwamini kidogo.
Najua daraja litakavyosema, kwa sauti ya chuma:

     Sitaki yako dhahabu, wala lulu za thamani,
     Nipe jina la muhibu, akaaye mtimani,
     Ukishanipa jawabu, halirejei kinywani,
     Vuka sasa taratibu, usiulize ni nani.

Huo ni ukurasa wa tisini.
Unaofuata ni wa tisini na tano.

Panya, alisema Mwasiti. Panya wa Magomeni hawabagui chakula.
Nikalia, maana Shumbana alikuwa ng'ambo hii,
na nikifunua tu yuko ng'ambo ile, anapiga miluzi.
Dada akazima kibatari, akalala chali, akasimulia:
Shumbana alilitapeli daraja.
Alilipa jina la mwalimu wa hesabu.
Huyu nampenda mno, akasema, akatoa na machozi ya kitunguu.
Daraja likaamini. Akavuka,
na tangu siku hiyo hakumkumbuka tena mwalimu
wala tebo ya saba.

Nilicheka mpaka shangazi akagonga ukuta.
Tulikuwa tunalala kwake, mkeka mmoja,
kanga ya mama tumeigawana, yeye pindo, mimi mji.
Arobaini ilikuwa haijafika.

Mwaka juzi, barabara ya Samora,
kwenye turubai, kati ya kamusi na miongozo ya ushonaji,
nikakiona kizima. Kina jalada, kina jina.
Nikafungua tisini na moja nimesimama juani.

Alilipa jina la mama yake.

Kurasa nne tu. Kisha anavuka, anapiga miluzi,
na mtu akimuuliza umezaliwa na nani
anaangalia mawingu.

Nikakirudisha. Muuzaji akashusha bei, akashusha tena.
Hakujua kwamba sikuwa nabishia bei.

Nyumbani nikapitisha kidole kwenye mshono wa kile changu.
Panya hakati hivyo. Panya hana rula.
Ni wembe, na mkono wa mtoto wa miaka kumi na tatu
aliyetangulia kusoma.

Sijamuuliza. Yuko Tunduma, anagomboa mizigo ya malori,
akipiga simu tunaongea bei ya mchele.
Ila Idi iliyopita nilichokoza:
yule mwalimu wa hesabu alikuwa anaitwa nani vile?
Kimya. Nikasikia lori linarudi nyuma, linalia.
"Nimemsahau," akasema. "Kabisa."

Mvua imerudi juu ya bati. Sijala, na chai imepoa.
Mbuzi ameshadanganya, daraja linakaribia,
na mimi, mtu mzima, mwenye deni benki,
tumbo linanikaza vilevile.
Natamka kwa sauti, mara moja, kuhakikisha:
Mwanahawa binti Shomari.
Lipo.

Nafunua. Yuko ng'ambo, Shumbana wetu,
miguu mitupu, anapiga miluzi,
hajui saba mara nane ni ngapi.